Habari za Nyumbani kwa Katekista Florian

Katika kigango cha Bukima hapakuwa na mtu aliyehubiriwa kuliko Marcelina, na hapakuwa na mtu aliyelijua hilo kuliko Marcelina mwenyewe. Alikuwa akikaa upande wa wanawake, karibu na mlango, binti yake Getruda akimwegemea ubavuni. Mumewe Florian alipokwisha kusoma Injili, akafunga kitabu na kukohoa kidogo, yeye alianza kupekua moyoni mambo ya juma zima. Ni lipi atakalolitoa leo?

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Padre alikuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, na mvua zikishika, hata miezi miwili ilipita hajaonekana. Jumapili nyingine zote sala ziliongozwa na katekista, na katekista alikuwa Florian Magige, fundi cherehani, mtu mrefu mwembamba mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wainame mbele ili waisikie. Elimu yake haikuwa kubwa. Alikaa miaka miwili kwenye mafunzo ya dini, basi. Lakini jicho alikuwa nalo. Mambo ambayo wenzake waliyaona ni ya jikoni na ya uani tu, yeye alimwona Mungu akipita humo humo, katikati ya sufuria na majivu.

Sindano yake ya kushonea vifungo ilipopotea, Marcelina alifagia nyumba nzima, akawasha kibatari mchana kweupe na kutambaa chini mpaka akaiona kwenye ufa wa sakafu. Jumapili yake watu wakasikia habari ya mwanamke aliyepoteza shilingi akaitafuta kwa taa, na kila mtu akajua ni mwanamke gani. Uji wa ulezi ulipoungua kwa sababu Marcelina alikuwa anafanya kazi tatu kwa mpigo, watu wakaelezwa habari za Martha. Walipogombana yeye na mumewe juu ya chumvi, kwamba ameimaliza yote kwenye samaki na mboga ikaliwa chapwa, mahubiri yakawa "Ninyi ni chumvi ya dunia," na Florian hakuficha kwamba siku ile alilala amenuna.

Kesho yake ziwani, wanawake waliokuja kuteka maji walimwambia, "Mama Getruda, jana tulikunywa uji wako. Kweli uliungua."

Marcelina alicheka nao. Ukweli ni kwamba alipenda, ingawa hakumwambia mumewe hata siku moja. Alikuwa ameolewa kutoka Butiama, mbali na ziwa, na alipofika Bukima hakujua hata namna ya kumpasua samaki. Alijifunza. Sasa chanja lake la kubanikia lilikuwa halikosi samaki, furu, ningu na kamongo walioletwa na mitumbwi kutoka kisiwa cha Rukuba, na alifanya kazi hiyo toka asubuhi mpaka jua linazama. Mwanaume anayekutazama juma zima kwa makini hata akamkuta Mungu kwenye ufagio wako si wanawake wote wamempata.

Ila palikuwa na jambo moja.

Baada ya Getruda, Marcelina alizaa mtoto wa kiume, wakamwita Rafaeli. Aliishi mwaka mmoja na nusu, akafa kwa homa wakati wa masika. Alikuwa ameanza kula, na alichokipenda ni furu mdogo, yule wa urefu wa kidole, akishatolewa miiba. Marcelina alikuwa akimtoa miiba mmoja mmoja na kumweka kwenye ukingo wa sahani. Mtoto alipozikwa, vidole vya mama viliendelea. Kila chakula kilipopakuliwa alijikuta ametoa miiba ya furu mmoja na kumweka ukingoni, kisha akashtuka, akamsukumia Getruda. Hakumwambia mtu. Alidhani hakuna aliyeona.

Florian alikuwa ameona. Mwaka mmoja baada ya kifo hicho, katika Jumapili moja baada ya Pasaka, alisimama akazungumza juu ya tumaini, na akawaeleza watu habari ya furu. Alieleza vizuri. Alieleza vidole, ukingo wa sahani, na mtoto asiyekuwapo. Kanisa zima lililia. Mzee Jilala, mvuvi Msukuma aliyehamia Bukima zamani, alijifuta uso kwa kofia yake. Watu walipotoka nje, wanawake walimshika Marcelina mikono, mmoja baada ya mwingine, kama siku ya msiba wenyewe.

Alifika nyumbani, akawasha moto chini ya chanja, akageuza samaki wote ingawa hawakuwa wakihitaji kugeuzwa.

"Baba Getruda, kaa," alisema.

Florian akakalia kinu kilicholazwa.

"Uji wangu nilikupa. Sindano nilikupa. Hata siku ile uliyosimulia nilivyoteleza na mtungi mbele ya mzee wa kanisa, nilicheka na wenzangu. Lakini yule furu sikukupa."

"Watu wamepata faraja, mama. Hukumwona Jilala alivyolia?"

"Nilimwona. Alilia, akafuta macho, akaenda kwake kula. Mimi nimerudi na nini?"

Florian alitazama moto. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kusifiwa kwa kipaji chake, na hakuwahi kufikiri kwamba kipaji hicho kina makali upande wa pili. Aliumia, na kwa kuumia akasema, "Basi sitakutaja tena."

"Sijasema usinitaje."

"Sitakutaja," alirudia, akainuka, akaenda kwenye cherehani yake.

Akatimiza neno. Tangu Jumapili iliyofuata Florian alihubiri kwa Katekisimu. Aliuliza swali kama lilivyoandikwa, akajibu kama lilivyoandikwa, akapita kwenye swali la pili. Hapakuwa na uji wala ufagio. Kuku walikuwepo nyumbani wakifanya vituko vyao, lakini kanisani hawakufika. Watu walikaa wima kwa heshima wiki mbili za kwanza, wiki ya tatu wakaanza kusinzia, na kufikia mwezi wa saba Mzee Jilala alikuwa anakoroma wazi wazi.

Ni Jilala huyo huyo aliyemsimamisha Marcelina pwani ya ziwa, alipokuwa akichambua samaki wake kwenye mtumbwi.

"Mama Getruda, kwako kuna amani?"

"Ipo, baba."

"Mbona siku hizi hatusikiagi habari za kwako? Katekista anatulisha maswali mpaka yanatukaba. Mimi kichwa changu hakishikagi maswali. Lakini ile ya sindano naikumbukaga mpaka leo. Kitu kikinipotea kwenye mtumbwi, najisemea, kumbe na mimi Mungu ananitafutaga hivi."

Marcelina alibeba kikapu chake akapanda nacho kilima kidogo kuelekea nyumbani, na njiani alihuzunika. Alikuwa ameomba atolewe mwiba, sasa mguu mzima umekatwa.

Mwezi wa nane cherehani iliharibika. Chuma kidogo kinachobeba uzi wa chini kilivunjika, na kingine hakikupatikana popote isipokuwa Musoma mjini. Wakapanda wote wawili juu ya lori lililobeba magunia ya pamba, Florian na kile chuma kwenye leso, Marcelina na vikapu viwili vya samaki wa kuuza. Getruda walimwacha kwa jirani. Juu ya magunia walikaa bega kwa bega siku nzima, wakapigwa na vumbi hilo moja, na maneno waliyosemezana yalikuwa ya samaki na ya barabara.

Musoma walifikia kwa Fundi Yunusu. Huyu ndiye aliyemfundisha Florian kushona, zamani, kabla hajawa katekista wala hajaoa. Alikuwa Mwislamu mzee, baba yake alikuja na misafara kutoka Tabora, na alikuwa na baraza pana linalotazama barabara ya sokoni, penye cherehani mbili na benchi ambalo halikukosa watu. Mkewe Mwanaupe alimpokea Marcelina kama ndugu, akamwekea chai na maandazi, na Marcelina akakaa mkekani kando ya mlango kumsaidia kuchambua mchele huku wanaume wakifungua cherehani moja mbovu ya Yunusu ili watoe chuma kama kile.

Mara akaja karani mmoja, kijana mwenye shati jeupe na tai, anatembea kiupande upande, ameshikilia faili nyuma yake. Watu wa benchini wakageuka. Ilionekana wazi kwamba suruali imempasukia mahali pabaya, na ofisini hawezi kurudi.

Yunusu hakumwacha afungue mdomo. "Bwana Karani, karibu ndani," alisema. "Kile kitambaa ulichoniuliza kimefika. Njoo ukione."

Wakaingia. Mwanaupe akamwinamia Marcelina akanong'ona kwamba hakuna kitambaa chochote kilichofika. Baada ya muda karani akatoka, anatembea wima, faili kwapani, akawasalimu watu wa benchini mmoja mmoja, akaenda zake. Yunusu akarudi mahali pake akiwa amekodoa macho yenye maji.

"Fundi," Florian alimwambia, "chumba kile kina giza, na macho yako siku hizi yanakusumbua. Kwa nini hukumshonea hapa barazani penye mwanga?"

Mzee alikata uzi kwa meno. "Mwanga ulikuwapo," alisema. "Na watu walikuwapo."

Aliinamia ile cherehani akaomba apewe bisibisi. Lakini Marcelina alimwona mumewe ameishika bisibisi mkononi bila kumpa, akitazama barabara, halafu benchi, halafu akageuka taratibu kumtazama yeye. Marcelina akainamia mchele.

Siku ya kurudi, lori liliwashusha kwenye njia panda, na mwendo uliobaki wakaenda kwa miguu, jua limeshapungua ukali. Florian alikuwa amebeba vikapu vitupu kichwani, jambo ambalo wanaume wa Bukima hawakulifanya, na alikuwa amevibeba bila kuombwa.

"Mama Getruda," alisema nyuma yake. "Nilikufumua barazani."

Marcelina alitembea hatua kadhaa. "Ulinifumua," alisema.

"Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uombe."

Florian akacheka, na kikapu kimoja kikaanguka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka Marcelina kumsikia akicheka vile, na mke ndiye aliyeinama akakiokota, akakibeba, wakaenda.

Hata hivyo mahubiri hayakubadilika. Florian sasa alikuwa kama mtu aliyemkata mtu kwa kisu bila kukusudia, hata cha kumenyea viazi anakiogopa. Katekisimu ikaendelea.

Ndipo ikafika ile Jumapili ya mwezi wa tisa. Jumamosi yake Marcelina alimkuta Florian amekaa mbele ya cherehani bila kushona, na kitabu cha Injili kiko wazi juu ya kitambaa. Alipomwona mkewe aliinuka akatoka nje, akasema anakwenda kutazama mihogo. Marcelina alikuwa amejifunza kusoma wakati wa mafundisho ya ubatizo. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Ilikuwa habari ya mjane wa mji wa Naini, aliyekuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee, Yesu akakutana nao langoni mwa mji, akamwambia asilie, akagusa jeneza, kijana akaketi, na Yesu akampa mama yake.

Alisoma mara tatu. Kisha akarudisha kitabu kama kilivyokuwa, akaenda kuwasha moto.

Kesho yake kanisa lilijaa. Pamba ilikuwa imeuzwa, na waliokuwa wamekwenda Bunda wamerudi na watoto wao wakiwa na nguo mpya. Florian alisoma Injili kwa sauti yake ndogo. Akafunga kitabu. Akakohoa. Watu wakangoja.

"Ndugu zangu," alisema, "Bwana wetu alimhurumia yule mama." Akafungua Katekisimu, akaifunga. "Alimhurumia," alisema tena. "Hapa kuna maneno ambayo si yangu kuyasema. Tusimame tusali."

Kabla watu hawajainuka, Marcelina alikuwa amesimama. Hata yeye mwenyewe alishangaa. Getruda alimshika kanga, naye akamtoa mkono kwa upole. Mzee wa kanisa, jina lake Ngolo, alianza kusema kwamba mwanamke kanisani hasemi, lakini Jilala akamgusa goti. "Mwache," alisema.

"Mimi si mwalimu, mnisamehe," alianza Marcelina. Aliegemea mlango. "Mwaka huu mlisikia habari yangu na yule furu. Katekista aliwaambia kwamba lile lilikuwa tumaini. Halikuwa tumaini. Yalikuwa mazoea ya vidole. Vidole vilikuwa bado havijapata habari."

Watu waliinama mbele wamsikie.

"Na Injili hii ya leo siipendi. Yule mama alirudishiwa mwanawe. Mimi sikurudishiwa. Nimemwuliza Mungu kwa nini yeye na si mimi, na mpaka leo hajanijibu. Lakini jana nimeisoma mara tatu, maana mimi nasomaga polepole, na nikaona kitu ambacho anayesoma haraka hakioni. Kabla ya kusema na maiti, Bwana alisema na mama. Alimwona mama kwanza. Alikuwa na safari yake, akaikatisha."

Akamtazama Florian.

"Siku aliyokufa Rafaeli, katekista hajawaambia alifanya nini, kwa sababu yeye anatusimulia sisi, yeye hajisimulii. Alikata bafta, akamshonea mtoto shati. Alilishona kwa mkono, maana cherehani ina kelele na mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili. Nilimwona kupitia mlangoni. Akalitia vifungo vitatu, akayatengeneza na matundu ya vifungo, ile kazi ya kuchosha macho. Nikamwuliza, vifungo vya nini, mtoto anaingia udongoni? Akaniambia, asije akafika huko akaonekana ametoka nyumba isiyo na fundi."

Mwanamke mmoja mbele alijifunika uso kwa kanga.

"Alikuwa analia, uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Anaulamba, anaujaribu, haupiti. Mara kumi. Hakuacha. Sasa mimi Yesu sikumwona langoni siku ile, nasema kweli. Nilimwona mtu anayetia uzi. Lakini jana niliposoma nikajiuliza, labda ndivyo anavyopitaga. Basi, ni hayo."

Akakaa. Florian alikuwa amegeuka anatazama ukuta, mabega yamemshuka, na hakuna aliyejua sala inayofuata ni ipi. Mwisho Jilala, ambaye hakuwahi kuongoza kitu kanisani tangu kubatizwa, akaanza Baba Yetu kwa lafudhi yake ya Kisukuma, na wote wakamfuata.

Njiani kurudi nyumbani Florian alitembea nyuma kidogo, Getruda akiwa ametangulia na wenzake.

"Mama Getruda," alisema baadaye. "Ile ya vifungo hukuniomba."

"Sikukuomba."

"Nimeona aibu mpaka nikatamani ukuta unifungukie."

"Najua."

"Basi sasa tuko sawa?"

Marcelina alifikiri. "Hatuko sawa," alisema. "Mimi nimekuhubiri mara moja tu. Wewe una miaka saba."

Ngolo alimshtaki kwa padre, kama ilivyompasa mzee wa kanisa. Padre alipokuja mwezi wa kumi alimwita Marcelina, akamwambia arudie aliyoyasema, na Marcelina akarudia, amesimama, mikono nyuma. Padre alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Ngolo kwamba ni jambo zito, linahitaji kufikiriwa. Miaka minne baadaye alipohamishwa kwenda misheni nyingine alikuwa bado analifikiria.

Na nyumbani kwa katekista kukawa na desturi mpya. Jumamosi, kazi ya cherehani ikiisha, Florian alikuja kwenye chanja, akachutama upande usio na moshi, akaomba.

"Lile la kuku aliyeatamia mayai ya bata?"

"Chukua."

"Na Getruda alivyolia kwa sababu nimekata nywele za mwenzake kwanza?"

"Muulize Getruda."

Getruda aliulizwa, akakubali kwa sharti kwamba asitajwe jina, ingawa alikuwa mtoto pekee katika nyumba ile.

"Na lile la mama yako aliponiambia sijui kula ugali wa ulezi?"

"Lile si langu," alisema Marcelina, akigeuza ningu kwa kijiti. "Ni la mama. Kamwombe mwenyewe."

Alidhani ni mzaha, umekwisha. Lakini Florian alikwenda. Alitembea mpaka Butiama, akalala kwa wakwe siku mbili, akaomba ruhusa kwa heshima zote, amechuchumaa mbali na mama mkwe kama mila inavyotaka. Akarudi na kikapu cha ulezi, jogoo mmoja aliyefungwa miguu, na jibu la hapana.

Jumapili Injili ikasema, ombeni nanyi mtapewa. Florian akafunga kitabu, akakohoa, akawatazama watu walioinama mbele kumsikia.

"Juzi," alisema, "nilikwenda Butiama kuomba kitu. Siwezi kuwaambia ni kitu gani, kwa sababu nilinyimwa."

Watu walicheka mpaka Ngolo naye akacheka. Marcelina alijikaza, akauma pindo la kanga yake, na akashindwa.